Baba alipoanguka, rafiki zangu walinitumia emoji

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga, nina kiduka cha nyuzi, vifungo na zipu. Nakuandikia kwa sababu nimegombana na rafiki zangu wanne, na wenyewe hawana habari kama tumegombana.

Tumejuana tangu bweni. Mmoja yuko Muscat kwa mumewe, mmoja anafundisha Muheza, mmoja anaoka keki Mbagala, na wa nne yuko papa hapa mjini, Ngamiani, kwenda kwake hata bajaji sihitaji. Tuna grupu la WhatsApp ambalo halilali. Yule wa Muheza ni maua: kila waridi likichanua kwenye kopo lake la rangi lazima tulione, kwa mbele na kwa ubavu. Wa Mbagala kila Jumamosi alfajiri yuko barabarani na klabu yake ya jogingi, anatutumia picha ya jasho, mchana anatuma picha ya keki, tunamwuliza sasa shoga unakimbia nini. Wa Ngamiani ni Coastal Union damu. Wagosi wa Kaya wakifungwa simu zetu hazipumui kwa voisi zake, wakitoka sare anatukumbusha ubingwa wa 1988 utadhani alicheza yeye. Mimi ni kroshia. Hivi sasa nafuma kitandiko cha binti wa yule wa Muscat, anaolewa mfungo sita.

Na shida pia tunaambiana. Mume kuachishwa kazi, mtihani wa mtoto, kodi ya fremu. Mwaka juzi mtoto wa huyu wa Mbagala alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Tulimwombea sana, tukamwambia mama yake ampe maziwa, na mtoto akapona.

Sasa sikia yaliyonikuta. Usiku mmoja nilikuwa kwa wazazi, tumeshaswali Isha, tunakula. Baba yangu ana miaka 71. Tonge la wali likamponyoka. Akainua jingine, nalo likaanguka mkekani. Kumtazama, mdomo umekwenda upande wa kushoto, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mama akampa maji, yakamtiririka kidevuni. Anaongea kama mtu mwenye tende mdomoni. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursiyu, jirani akaja na mafuta ya habasoda anasema upepo mbaya umempitia, mimi nikaita bajaji. Nikiwa nasubiri nikaandika kwenye grupu: "Jamani, baba ameanguka."

Unajua nilipata nini, Bi Mkubwa? Viganja vya dua. Wa Muheza viganja. Wa Muscat viganja, na maneno: "Allah amponye, mpakeni mafuta ya mdalasini." Wa Mbagala: "Pole shoga." Wa Ngamiani, ambaye angeweza kufika kabla ya hiyo bajaji, naye viganja, basi. Hata dakika kumi hazijapita wa Mbagala katuma keki ya mahafali ya ghorofa tatu, na wa Ngamiani anamwuliza mbona rangi imekolea hivyo. Nikazima simu.

Bajaji ilipofika, baba alikuwa ameshakaa kitako, anatuuliza tunalilia nini. Mdomo umerudi, mkono umerudi. Yote ilikuwa kama nusu saa hivi. Tukampa dereva hela ya usumbufu, akaenda zake. Alfajiri baba alikwenda msikitini kwa miguu yake, aliporudi akafagia uwanja. Habari ya hospitali hataki kuisikia, anasema hata vile vidonge vya presha ameviacha tangu Ramadhani na hana tatizo. Alhamdulillah.

Asubuhi ile nikawaandikia: "Mzee kaamka, anadai chai na maandazi." Wa Ngamiani akajibu: "Kumbe alikuwa anadeka tu," na zile emoji za kucheka mpaka machozi. Wenzake wakafuata, wote wanacheka. Nikajitoa kwenye grupu bila kuaga. Wamepiga simu, wa Mbagala hasa, sipokei. Kitandiko kimekaa kwenye mfuko wake, hata kukishika siwezi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawa si walikuwa rafiki wa keki na mpira tu? Niwaambie ukweli wao, au ninyamaze kila mtu ashike njia yake? Na jambo jingine: yule wa Muscat amemtuma kaka yake aniletee laki moja, eti "ya mzee". Niirudishe?

Mama wa Nyuzi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu Mama wa Nyuzi.

Barua yako ina mambo mawili na umeyapanga kinyume. Unauliza kuhusu mashoga zako, kuhusu baba yako huulizi chochote, unamalizia na alhamdulillah. Mimi naanza na baba. Kwa ajili yake nimeitoa barua yako kwenye foleni na kuijibu kabla ya zilizotangulia.

Kilichompata mzee si upepo, wala hakuwa anadeka. Mimi si daktari na sijamwona, lakini mdomo kwenda upande, mkono kulegea na maneno kukwama, vyote kwa ghafla na kwa pamoja, halafu vikaondoka vyenyewe, hiyo ina jina. Ni kiharusi cha mpito. Bonge dogo la damu linaziba mshipa unaolisha ubongo, kisha linayeyuka au linasogea, damu inapita tena na mtu anaonekana mzima. Mara nyingi huisha ndani ya saa moja. Watu wanashukuru, wanamlipa dereva usumbufu wake, wanarudi ndani, na hapo ndipo kosa linapofanyika, kwa sababu hicho kidogo aghalabu hutangulia kikubwa. Siku mbili za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Hizo ameshazivuka, mshukuruni Mungu. Lakini miezi mitatu ya kwanza bado ni ya kumwangalia kwa macho mawili.

Kwa hiyo mpeleke hospitali. Leo, ukimaliza kusoma hapa. Akikwambia hajisikii vibaya, mkubalie kuwa hajisikii vibaya, na umpeleke hivyo hivyo. Mkifika msiseme "alianguka". Kuanguka kuna mambo mengi, mtu huteleza chooni akaanguka, na kwa ulivyoeleza baba yako hata hakuanguka, alikuwa amekaa anakula. Waeleze kama ulivyonieleza mimi: tonge mara mbili, mdomo kushoto, mkono wa kulia, maji kidevuni, nusu saa. Daktari akipata maelezo kama hayo anajua pa kuanzia. Watapima presha, sukari na mafuta kwenye damu, watasikiliza moyo kama unadunda kwa mpangilio, kwa sababu moyo unaodunda ovyo hutengeneza mabonge, na huenda wakataka apigwe picha ya kichwa. Asiende peke yake. Wazee wetu wakiulizwa na daktari hujibu "sijambo tu mwanangu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Kabla ya hapo msimpe aspirini kwa kuambiwa na jirani. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, kwa macho vinafanana kabisa, na dawa inayomsaidia wa kwanza inaweza kummaliza wa pili.

Halafu hivyo vidonge. "Ameviacha tangu Ramadhani na hana tatizo." Sentensi hii nimeisikia kwenye nyumba nyingi sana za pwani. Mwezi unaandama, ratiba ya dawa inavurugika, Idi inapita, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Mtu alikuwa anajisikia vizuri kwa sababu vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake, naye akaona basi havihitajiki. Presha haiumi, ndiyo maana inaua. Akirudishiwa dawa, mwulizeni daktari mapema namna ya kuzipanga kwa futari na daku, waislamu wengi wanaotumia dawa hizo wanapangiwa na wanafunga. Na papa na ng'onda, mwanangu, najua Tanga kumkataza mtu papa ni kumkataza kuzaliwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila anachokula kutwa nzima, na papa anakuja na chumvi yake kabla hata mama hajagusa chungu.

Ikimrudia tena, Mungu apishie mbali, mwambieni acheke mmtazame mdomo. Ainue mikono yote miwili. Aseme sentensi moja mnayoijua, hata dua ya kula. Kimoja kikigoma, tazameni saa na muondoke. Saa ni muhimu kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo, kwa hiyo mkiwa kwa daktari leo ulizeni usiku wa shida mkimbilie wapi. Msimpe maji wala tonge jingine, koo nalo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Habasoda iacheni kwa mafua. Mama asome Ayatul Kursiyu yake, asomee ndani ya bajaji.

Haya, tuje kwa mashoga zako.

"Jamani, baba ameanguka." Ujumbe huu nimeusoma nikijifanya niko Muscat. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, usiku umeshaingia, simu inatoa mlio. Ameanguka wapi? Bafuni? Au ndiyo lugha ya kusema ametutoka? Wewe uko naye au umepigiwa simu? Unataka mtu aje, unataka hela, unataka dua? Hakuna hata kimoja humo. Sikulaumu, mtu anayemwona baba yake mdomo umepinda haandiki insha. Ila anayepokea ujumbe kama huo akiwa mbali, asiyejua afanye nini, mkono wake unakwenda kwenye vile viganja. Wengi wetu ndivyo tunavyofanya tukiogopa kuuliza.

Na keki ya mahafali? Huenda ilikuwa kwenye simu inapakia kabla hujaandika, huenda aliyeituma hakuwa ameelewa uzito. Inaudhi, lakini hiyo ndiyo tabia ya grupu, kifo na maandazi vinaingia kwa mlango mmoja.

Wa Ngamiani simtetei. Mtu aliye mji mmoja na wewe hana haja ya kuelewa kwanza ndipo ainuke. Angepiga simu tu, "Uko wapi?", maneno mawili. Hasira yako juu yake ina haki, na usikubali mtu akwambie unakuza mambo. Ila lile la kudeka, hapo nakupunguzia. Nani alianza? Mlango wa kicheko uliufungua mwenyewe uliposema mzee anadai chai na maandazi, na ulifanya vizuri, sote baada ya hofu tunatafuta pa kuchekea. Wao wakaingia. Hawakujua habari ya tonge wala ya mkono uliolala mapajani, kwa sababu mpaka leo hujawaambia. Mimi nisiyekujua nimeelezwa zaidi kuliko wao uliolala nao bweni moja.

Tena nikuulize, si kwa kukusuta. Mtoto wa Mbagala alipokunywa mafuta ya taa, "tulimwombea sana". Nani alimpigia mama yake usiku ule? Nani alimtumia nauli ya kumkimbiza mtoto? Kama hakuna, basi hii ni desturi ya grupu lenu zima tangu zamani, wewe ukiwemo, zamu yako ndiyo imefika. Na kwa kuwa wazazi wengine wanasoma hapa: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hapewi maziwa, wala hatapishwi. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoharibika. Anapelekwa hospitali kama alivyo. Maziwa, mdalasini, habasoda ya jirani! Grupu lina waganga, na kwa mara zote mbili sikuona aliyesema nendeni hospitali.

Methali yako naijua, na naiona inavyotumika siku hizi, mtu akishaudhika anaichomoa kama rungu na kuwafukuza watu wote uani. Ni kweli akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini dhiki yenyewe iliandikwa kwa maneno matatu katikati ya waridi na marefa wa Coastal, na siamini kama watu wanapimwa kwa mtihani wa namna hiyo.

Nenda Ngamiani. Kwa miguu, siku ambayo Wagosi hawachezi, usiandike ujumbe wala usitume voisi. Kaa, kunywa maji utakayopewa, ulizia watoto. Kisha mwambie: "Usiku ule baba alipopinda mdomo nilikutegemea wewe uje. Hukuja, na imeniuma." Nyamaza hapo. Usitaje keki, usitaje kudeka, usimbebeshe mizigo ya wenzake watatu. Akilia, akikasirika, akisema mbona hukunipigia, hayo ni majibu ya mtu unayemuuma, na la kutompigia ana haki nalo, mkubalie. Akisema "aa, na wewe shoga," akageuzia mazungumzo kwenye bei ya mchele, basi umeshajua kipimo chake. Atabaki kuwa rafiki wa mpira. Rafiki wa mpira si haramu, ila usimweke kwenye orodha ya usiku.

Wa Mbagala mpokelee simu, tena leo. Anayepiga, asipokelewe, akapiga tena, huyo anajua kuna kitu, na kila siku unayomwacha analia na simu anazidi kujiuliza amekukosea nini. Usimfundishe kuacha kupiga. Wa Muheza sina wasiwasi naye, mwombe mche wa waridi, atakueleza mwenyewe kwa nini alituma viganja.

Ukirudi kwenye grupu usihutubie watu. Waombe jambo moja: la hatari lisiandikwe, lipigiwe simu. Mtu akipiga mara mbili mfululizo usiku, anayesikia aamke. Aliye mji mmoja aende, aliye mbali atume nauli, na mwenye shida aseme anataka nini, hata kama ni kusikilizwa tu. Waridi, jogingi na Coastal viendelee kama kawaida. Umeviandika kwa mapenzi kuliko unavyofikiri, ile ya kukimbia na keki imenichekesha peke yangu hapa. Rafiki ambaye habari zake ni za misiba tu, ifike siku ukiliona jina lake kwenye simu moyo unaruka, na unaanza kumkwepa bila kutaka. Nimeshaona urafiki wa miaka mingi ukifa hivyo, bila ugomvi.

Ile laki moja usirudishe. Hela ya mgonjwa kumrudishia aliyeitoa ni tusi, na wewe una harusi ya binti yake mbele. Isitoshe katika wote wanne yeye ndiye aliyeinuka akafanya kitu, kutoka ng'ambo ya bahari, na wala hakukutangazia kwenye grupu. Lipia vipimo vya mzee kwa hela hiyo hiyo. Ipige picha risiti umtumie, na chini yake umwandikie daktari amesema nini.